Moyo wa paka uliorudi: uchambuzi wa kisa cha Davis, 1987

Hadi katikati ya miaka ya 1980, daktari wa mifugo aliyeletewa paka mwenye moyo uliotanuka hakuwa na mengi ya kumwambia mwenye paka. Mnyama alifika amelegea, anapumua kwa tabu, masikio na nyayo baridi. Wengine waliletwa wakiburuta miguu ya nyuma, kwa sababu donge la damu lilitoka moyoni likaziba mshipa mkubwa pale unapogawanyika kuelekea mapajani. Walipewa dawa ya kukojoza, wakavutwa maji kifuani kwa sindano, na wengi wakafa katika siku au wiki chache. Ugonjwa ulikuwa na jina, kardiomaiopathi ya kutanuka, lakini chanzo chake hakikujulikana. Huko Marekani paka wa kufugwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo kwa maelfu kila mwaka.

Tarehe 14 Agosti 1987, jarida la Science lilitoa makala fupi ya watu wanne wa Chuo Kikuu cha California, Davis: Paul Pion, Mark Kittleson, Quinton Rogers na James Morris. Pion na Kittleson walikuwa upande wa magonjwa ya moyo ya wanyama, Rogers na Morris upande wa lishe. Waliripoti paka 21 waliokuwa wakila vyakula vya paka vya dukani. Wote walikuwa na upungufu wa taurini, kirutubisho kitokacho kwenye nyama, kwenye damu, na wote altrasaundi ilionyesha kuwa misuli ya moyo imeshindwa kazi. Walipopewa taurini kwa mdomo, kiwango chake kwenye damu kikapanda, na ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ikarudi kufanya kazi kama ya paka mzima. Ugonjwa uliohesabiwa kuwa hukumu ya kifo ulitibika kwa unga mweupe wa bei ndogo.

Kisa hiki husimuliwa zaidi na watu wa lishe, na wana haki nacho. Lakini mimi ninayeshika probu, kile kishikizo cha altrasaundi kinachowekwa juu ya ngozi, nikitafuta mioyo ya wanyama wadogo nakisoma kwa jicho jingine. Naona ndani yake kisa cha kipimo: nini kilipimwa, kilipimwaje, na kwa nini kipimo hicho kiliweza kusema jambo ambalo maiti mia moja zilizopasuliwa zisingeweza kulisema.

Jicho lilitangulia

Taurini ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe dume mwaka 1827, na Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, na jina lake linatokana na huyo dume. Ni asidi amino yenye salfa, lakini haijengi protini kama zile nyingine. Huelea huru ndani ya seli, na imejaa zaidi kwenye moyo, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ubongo na misuli. Mamalia wengi hujitengenezea wenyewe kutokana na asidi amino nyingine. Paka naye hujitengenezea, ila kidogo mno, kwa sababu vimeng'enya vinavyohitajika kwake ni dhaifu. Juu ya hapo ana hasara ya pili: asidi zake za nyongo huunganishwa na taurini peke yake. Binadamu akipungukiwa na taurini anaweza kutumia glisini, asidi amino nyingine, kwa kazi hiyo. Paka hawezi. Kila siku sehemu ya taurini yake hutoka na nyongo ikapotelea utumboni, iwe anayo ya kutosha au hana. Mnyama aliyeumbwa kula panya mzima na ndege mzima hakuwahi kuhitaji kubana matumizi.

Mwaka 1975 K. C. Hayes na wenzake walionyesha kwamba paka waliolishwa chakula chenye kaseini, yaani protini ya maziwa, kama protini yao, waliharibika retina, na kwamba kilichokosekana kilikuwa taurini. Doa la uharibifu huanzia katikati ya retina, karibu na eneo la kuonea vizuri, kisha hupanuka likiwa na umbo la yai. Tangu hapo ilijulikana kuwa paka lazima apate taurini katika chakula, na kiwango cha chini kikapendekezwa. Watengenezaji wa vyakula vya paka walikifuata. Kwenye karatasi, jambo lilikuwa limekwisha.

Miaka 12 ilipita kati ya retina na moyo. Moyo umejaa taurini kwa mamalia wote, na hilo lilijulikana, lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha, kwa mnyama wa aina yoyote, kwamba ikipungua moyo nao hudhoofu. Naamini sababu kubwa ya kuchelewa huko ilikuwa ya kimwili kabisa. Retina ya paka aliye hai unaweza kuiangalia kwa kurunzi na lenzi, leo, kesho na mwezi ujao. Moyo wa paka aliye hai umefungiwa nyuma ya mbavu, ni mdogo, na unapiga karibu mara 200 kwa dakika pindi mgeni anapomgusa mwenye nao.

Vyombo vingine vingesema nini

Stetoskopu husikia mlio wa ziada wa mwendo wa farasi, ikaishia hapo. Eksirei huonyesha kivuli cha moyo kikiwa kikubwa, lakini kivuli hakisemi kama ukubwa umetokana na kuta zilizonenepa au chumba kilichotanuka, na kwa paka magonjwa hayo mawili huweza kutoa kivuli kilekile. Kulikuwa na eksirei ya kumdunga paka dawa ya kutia rangi kwenye mshipa huku amelazwa usingizi. Ilionyesha chumba cha moyo vizuri, lakini kumfanyia hivyo mnyama anayekata roho ni kucheza na uhai wake, na kumrudishia kila baada ya wiki mbili hakuna daktari mwenye huruma angethubutu. Upasuaji wa maiti, basi, humpima kila paka mara moja tu, tena akiwa amechelewa.

Ndiyo maana altrasaundi ilibadilisha mambo. Mizizi yake kwenye moyo iko Lund, Sweden. Tarehe 29 Oktoba 1953 daktari Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz walirekodi mwendo wa moyo wa mtu kwa kifaa kilichotengenezwa kukagua nyufa zilizojificha ndani ya vyuma. Mbinu waliyoianzisha ndiyo tunayoiita modi M, na bado ipo kwenye kila mashine ya kisasa ya moyo.

Kanuni yake ni nyepesi. Probu hutuma mshindo mfupi wa sauti usiosikika kwa sikio. Sauti husafiri mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapokuta mpaka kati ya damu na msuli, sehemu yake hurudi. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 2 hurudi baada ya mikrosekunde 26 hivi. Mashine huchora nukta mahali mwangwi ulipotokea, kisha hurudia juu ya mstari uleule, mara elfu moja au zaidi kwa sekunde, ikisogeza karatasi pembeni. Kuta zinazotembea huacha mawimbi. Zilizotulia huacha mistari iliyonyooka.

Kwa mnyama mdogo, kasi hiyo ndiyo kila kitu. Moyo unaopiga mara 200 kwa dakika hukamilisha pigo moja kwa milisekunde 300. Picha ya kawaida ya pande mbili yenye fremu 30 kwa sekunde ingekupa fremu 9 tu kwa pigo zima, na uwezekano ni mkubwa kwamba hakuna hata moja iliyonasa wakati ule hasa moyo ulipokaza mpaka mwisho. Modi M hukupa mistari 300 kwa pigo hilohilo. Kwa panya mdogo wa maabara, ambaye moyo wake hupiga mara 500 au 600 kwa dakika, fremu 30 zingempata mara 3 tu kwa pigo. Hapo bila modi M, au mashine ya kasi kubwa sana, hakuna cha kupima.

Marudio ya sauti, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, nayo yana kazi. Probu ya megahezi 2.5 ya mtu mzima hutoa wimbi lenye urefu wa milimita 0.6 hivi. Ukuta wa moyo wa paka una unene wa milimita 4 au 5, kwa hiyo wimbi nene namna hiyo linaupaka ukuta kama brashi ya kupakia nyumba rangi. Kwa megahezi 7.5 wimbi hushuka hadi milimita 0.2, na kingo huanza kusomeka. Gharama yake ni kwamba sauti ya marudio makubwa haifiki mbali. Kwa paka si tatizo: moyo uko sentimita chache tu chini ya ngozi.

Namba mbili na mkono mmoja

Paka hulazwa ubavu wa kulia juu ya meza yenye tundu, na probu huingia kutokea chini, pale moyo unapogusa ukuta wa kifua na mapafu yamesogea pembeni. Manyoya hunyolewa kidogo au hulowanishwa kwa spiriti, kisha jeli. Mtu mmoja anashika miguu ya mbele, mwingine ya nyuma, taa zinapunguzwa, watu wananyamaza. Paka aliyetulia ni nusu ya kipimo.

Unatafuta kwanza mkato wa kukingama wa ventrikali ya kushoto, mpaka uione duara. Ikiwa umbo la yai, umekata mshazari; geuza mkono. Kisha unapitisha mstari wa modi M katikati kabisa, kwenye usawa wa nyuzi za vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Kwenye kioo unapata wimbi la ukuta wa kati juu, wimbi la ukuta wa nyuma chini, na weusi katikati, ambao ni damu. Kwa paka mzima mawimbi hayo mawili hukimbiliana na kuachana, kama viganja vya mtu anayepiga makofi bila kugusisha. Kwa paka wa kisa hiki viganja vilikuwa vimetupwa mbali, vikitikisika tu pale vilipo.

Kutoka hapo unachukua namba mbili: upana wa chumba kilipotanuka mpaka mwisho, na upana wake kiliposinyaa mpaka mwisho. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza, ukagawa kwa ya kwanza, unapata asilimia ya kusinyaa. Kwa paka wazima mara nyingi huangukia kati ya 40 na 60. Chini ya 30 hivi, huku chumba kikiwa kipana hata wakati wa kusinyaa, daktari huanza kutaja kardiomaiopathi ya kutanuka.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu, ambao si wa paka fulani. Chumba cha milimita 16 kinachosinyaa hadi 8 kinatoa asilimia 50. Ukikosea milimita moja, ukaandika 9 badala ya 8, unapata 44. Milimita moja imekula pointi 6. Kwa mtu mzima mwenye chumba cha milimita 48, kosa hilohilo ni pointi 2. Kwa panya mwenye chumba cha milimita 4 hivi, kosa la sehemu ya kumi tu ya milimita linakula pointi 2 na nusu. Kadiri mnyama anavyokuwa mdogo, ndivyo mkono wa mpimaji unavyogeuka kuwa sehemu ya jibu.

Nilipokuwa najifunza niliwahi kuandika kwamba paka fulani ana moyo dhaifu, kumbe mstari wangu ulikuwa umepita juu ya msuli mmojawapo wa zile nguzo zinazoshika nyuzi za vali, nami nikauhesabu kuwa ukuta. Mwenye paka alilia mbele yangu. Aliyenifundisha alirudia kipimo kwa dakika tano, moyo ukaonekana mzima. Tangu siku hiyo sipimi pigo moja. Napima matatu au matano, nachora kwa mtindo uleule kila mara, na kila mara najiuliza kama duara langu ni duara kweli.

Kuna mitego mingine ambayo haitokani na mkono. Ksailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, hushusha mapigo na nguvu ya kusinyaa, kwa hiyo paka mzima aliyedungwa huonekana mgonjwa. Vali ya mitrali inayovuja hufanya kinyume: ventrikali hupata njia rahisi ya kutolea damu kurudi nyuma, ikasinyaa vizuri, na asilimia ikapendeza wakati msuli umechoka. Paka aliyepungukiwa maji ana chumba kidogo kilichojaa nusu. Asilimia ya kusinyaa, kwa hiyo, haipimi nguvu ya msuli peke yake. Inapima msuli ukiwa chini ya mzigo wa siku hiyo.

Ushahidi ulisimamaje

Msomaji mgumu angekuwa na mashaka mawili. La kwanza, kipimo chenye mitego yote hiyo kinaaminikaje? La pili, wale paka 21 walikuwa wanyama wa watu, na hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa waliowekwa bila taurini ili walinganishwe nao. Huenda walipona kwa sababu nyingine.

Kwa shaka la kwanza, jibu liko kwenye ukubwa wa badiliko. Turudi kwenye hesabu yetu: chumba cha milimita 20 kinachosinyaa hadi 17 kina asilimia 15. Kosa la milimita moja litaipeleka 10 au 20. Halitaipeleka 45. Madaktari wa Davis hawakuwa wakitafuta tofauti ya pointi mbili tatu iliyofichwa ndani ya takwimu. Walikuwa wakiona ventrikali zilizolegea zikirudi kwenye upana wa kawaida na mwendo wa kawaida, kwa paka mmoja baada ya mwingine. Badiliko likiwa kubwa kiasi hicho, kosa la mkono halitoshi kulieleza. Ukitaka kutumia modi M kutafuta badiliko dogo kwa mnyama mdogo, hapo ndipo unapohitaji wanyama wengi, mpimaji asiyejua nani amepewa nini, na subira.

Shaka la pili ni zito zaidi, na ndilo linalonifanya niipende makala ile. Unaweza kusema dawa za kukojoza na mapumziko ndivyo vilivyosaidia. Lakini dawa hizo zilikuwapo miaka yote, na paka waliendelea kufa. Hazikuwahi kurudisha upana wa ventrikali. Kisha kuna kundi la pili, ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Maabara ya lishe ya Rogers na Morris ilikuwa na paka 11 waliokuwa wamelishwa kwa miaka 4 chakula kilichochanganywa kwa vipimo, chenye taurini kidogo kuliko inavyotakiwa. Hawa hawakuletwa hospitali wakiugua. Walipopimwa kwa altrasaundi, 2 kati yao walikuwa na taurini ndogo kwenye damu pamoja na moyo ulioshindwa. Nao walipopewa taurini, moyo ukarudi.

Kwa paka wa majumbani ungeweza kubisha kwamba pengine ugonjwa wa moyo ulikuja kwanza, mnyama akaacha kula, ndipo taurini ikashuka. Kwa paka wa maabara ubishi huo unakufa, kwa kuwa chakula kilijulikana hadi gramu na kilitangulia ugonjwa kwa miaka. Makundi mawili yaliyofika kwa njia tofauti, kipimo kilekile, jibu lilelile.

Hao 9 waliobaki nao wana neno. Walikula chakula kilekile na hawakuonyesha moyo mbovu. Upungufu wa taurini, basi, hautoshi peke yake kuuangusha moyo wa kila paka ndani ya muda huo. Kuna kitu kingine kwenye mwili wa paka mmoja mmoja kinachoamua nani ataanguka na lini. Waandishi hawakuificha namba hiyo ili hadithi ipendeze. Waliiandika hadi kwenye muhtasari.

Jambo moja la maabara lafaa kukumbukwa na yeyote atakayepima leo. Chembe za kugandisha damu na seli nyeupe zimejaa taurini. Damu ikiganda kwenye chupa au ikicheleweshwa, taurini hiyo humwagika kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, na paka aliyepungukiwa huandikwa kuwa mzima. Siku hizi wengi hupima damu nzima pamoja na plazima.

Saa ya moyo

Nikiulizwa ni sehemu gani ya kisa hiki inayomgusa mhudumu wa kila siku, nitajibu: muda. Paka aliyeanza kupewa taurini, kwa kawaida miligramu 250 hadi 500 mara mbili kwa siku, huanza kula na kuchangamka ndani ya wiki moja au mbili. Ukimwekea probu wakati huo unaweza usione kitu. Ventrikali bado ni pana, viganja bado viko mbali. Kwenye kioo mabadiliko huja baadaye, baada ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Msuli wa moyo haujazi ghala lake kwa siku moja.

Hapa mwenye haraka hupoteza mgonjwa. Akipima siku ya tano akaona asilimia ileile, atasema dawa imeshindwa. Wiki za mwanzo ni za hatari kweli, maana taurini haitoi maji kifuani wala haiyeyushi donge la damu. Paka lazima abebwe na dawa za kawaida mpaka msuli uamke. Makala za baadaye za Pion na wenzake, za mwaka 1992, zilionyesha hilo wazi: wengi wa waliokufa walikufa mapema, na waliovuka kipindi hicho walikuwa na matumaini mazuri, hata wengine wakaachishwa dawa za moyo. Kwa ugonjwa wa moyo ulioshindwa, hilo halikuwa limezoeleka kwa mnyama yeyote.

Swali lililobaki lilikuwa la aibu: hivyo vyakula si vilikuwa na taurini iliyopendekezwa? Vilikuwa nayo. Lakini kiwango kile kilitokana na majaribio ya chakula safi cha maabara. Chakula kinachopikwa ndani ya kopo kwa joto kubwa huzaa mchanganyiko unaolisha bakteria wa utumbo wanaovunja taurini kabla paka hajaifaidi. Ndiyo maana leo kanuni za AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, zinataka miligramu 1,000 kwa kilo ya chakula kikavu, na 2,000 kwa chakula cha kopo, vyote vikihesabiwa bila maji. Tofauti hiyo ya mara mbili ni alama ya kisa chetu, imebaki imeandikwa ndani ya kanuni.

Baada ya vyakula kuongezwa taurini, kardiomaiopathi ya kutanuka ikawa adimu kwa paka. Leo ugonjwa wa moyo unaoongoza kwao ni ule wa kuta kunenepa, na hapo kipimo kinageuka: ukuta wa milimita 6 au zaidi unatia shaka, huku asilimia ya kusinyaa ikionekana nzuri, hata kupita kawaida. Aliyezoea kuitegemea namba moja tu atampa paka huyo cheti cha afya.

Mbwa nao waliingia kwenye njia hii. Mwaka 1997 Kittleson na wenzake waliripoti mbwa wa aina ya American cocker spaniel ambao mioyo yao iliyotanuka ilipata nafuu kwa taurini na karnitini, kirutubisho kingine. Julai 2018 idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza kardiomaiopathi ya kutanuka kwa mbwa waliokula vyakula vyenye njegere, dengu na jamii hiyo kwa wingi. Hapo picha si safi kama ya paka: mbwa wengi kati yao walikuwa na taurini ya kawaida kwenye damu, na chanzo bado kinabishaniwa.

Kwetu huku, paka anayezunguka mtaani akikamata panya na kuokota vichwa vya samaki sokoni hana sababu ya kukosa taurini. Ninayemwogopea ni yule wa ndani ya ghorofa, asiyetoka, anayelishwa wali na mchuzi, ugali na maziwa, au chakula cha mbwa kwa sababu ni rahisi. Nafaka na maharage karibu hazina taurini kabisa. Mioyo ya kuku, samaki na dagaa wanayo, lakini ni ya kuyeyuka kwenye maji: ukichemsha dagaa ukamwaga supu, umemwaga na taurini. Mpe na supu yake.

Paka wa namna hiyo akifika mezani, kabla ya kuwasha mashine nachukua kurunzi na lenzi. Wakati mwingine katikati ya retina kuna doa linalong'aa kuliko sehemu iliyolizunguka, lenye umbo la yai, nami najua mstari wa modi M huenda ukanionyesha nini. Akipewa taurini na akavuka wiki zile za mwanzo, viganja vitaanza tena kukaribiana, milimita kwa milimita, kwenye kila kipimo nitakachorudia. Lile doa litabaki pale lilipo maisha yake yote.